Hakimu Aliyesimama

Kazi yangu ya mshahara ni kutafuta mabegi. Niko uwanja wa ndege, kwenye dawati la mizigo iliyopotea, huu mwaka wa kumi na tisa, na kwa muda huo nimesikia kila aina ya uongo ambao binadamu anaweza kuusema akiwa amechoka na hana nguo ya kubadilisha. Nimelilia begi la vito pamoja na mwenye begi, begi likapatikana limejaa dagaa. Kwa hiyo siku nilipokuta kwenye maktaba ya mtaa wetu wa Hounslow tangazo la kutafuta mahakimu wa kujitolea, sikuona sababu ya wao kutonichukua. Kama ni kuwasikiliza watu na kujua nani anadanganya, basi mimi nilikuwa nimeshafuzu zamani.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Hapa Uingereza kesi nyingi ndogo hazisikilizwi na hakimu aliyesomea sheria. Zinasikilizwa na raia watatu wa kawaida: mwalimu mstaafu, fundi bomba, mama wa mabegi. Hawalipwi, zaidi ya kurudishiwa nauli. Mbele yao anakaa mshauri wa sheria, ambaye ndiye aliyesoma, na kazi yake ni kuhakikisha wale watatu hawaivunji sheria wakati wanaitekeleza. Wawili hukaa pembeni, wananong'ona na kutikisa vichwa. Mmoja hukaa katikati, na huyo ndiye mwenye mdomo. Yeye ndiye anayeuliza maswali, anayetangaza hukumu, anayeambiwa "mheshimiwa" huku akitazamwa machoni.

Miaka minne nilikaa pembeni. Nilikitaka kiti cha katikati, na sioni haya kusema hivyo. Nilikitaka kama watoto wanavyotaka kiti cha mbele kwenye gari.

Jamaa zetu wa hapa Landani, kwa upande wao, walishanipa cheo kikubwa zaidi. Tangu habari zienee kwamba mimi ni hakimu, sijala pilau ya harusi kwa amani. Nikishatia tonge la kwanza mdomoni, mtu ananivuta kiti karibu na kufungua mkoba. "Dada, hebu nitazamie hii barua. Wameniandikia kosa la kuegesha gari, na mimi nilishuka dakika mbili tu kununua mihogo. Si uko pale ndani? Iondoe tu." Naeleza kwamba siwezi. Naeleza kwamba nikimjua mtu, hata kwa sura, natakiwa niseme na niondoke kwenye kesi hiyo. Wanasikiliza kwa heshima, halafu wanaambiana kwamba nimeshakuwa Mzungu.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye tangazo la maktaba ni mafunzo. Nilidhani mtu anaapa, anapewa kiti, basi. Kumbe hawa watu wanafunza! Kuna mafunzo kabla hujakaa, na mafunzo ukishakaa. Unapewa hakimu mkongwe wa kukulea mwaka wa kwanza. Sheria ikibadilika, mafunzo. Isipobadilika, mafunzo ya kukumbushana ile isiyobadilika. Kisha kila baada ya muda mwenzako anakaa nawe mahakamani na fomu mkononi, anakupima kama unavyopimwa presha. Nami nikiona barua pepe yenye neno "mafunzo" nilikuwa nasonya kwa sauti, mpaka binti yangu akawa anajua imetoka wapi bila kuuliza.

Somo lenyewe ninalotaka kulisimulia lilikuwa la Jumamosi asubuhi, kwa kompyuta. Lilihusu mwenendo wa anayekaa kiti cha katikati, na bila hilo hupimwi ili ukipate. Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nimeahidi mandazi mia moja na hamsini kwa shughuli ya jirani. Nikaiweka kompyuta juu ya friji, nikazima kamera, nikaongeza sauti, nikaendelea kukaanga. Binti yangu akaingia jikoni kuchukua mandazi ambayo hakuyaomba.

"Mum, your camera's off."

"Najua."

"It's a training, Mum. It's not a radio."

Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, hata cha mafumbo, lakini kumjibu mtu kwacho ni mpaka aumwe. Nikamwambia atoke jikoni kwangu. Juu ya friji, mwezeshaji alikuwa anauliza swali na kutaka kila mtu aandike jibu: ni kitu gani katika malezi yako unaweza kuingia nacho mahakamani bila wewe kujua? Nikafuta kidole kimoja kwa khanga, nikaandika jibu la neno moja: hakuna. Nikarudi kugeuza mandazi kabla hayajaungua.

Mwezeshaji huyo, ndiye pia aliyepangwa kunipima, ni mzee wangu wa dawa. Namwita hivyo kwa sababu alikuwa na duka la dawa hapa Hounslow kabla hajastaafu. Ni Mhindi, kazaliwa Tanga, mtaa wa tatu kutoka kwetu, na Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyekiacha kikaanza kushika kutu. Kila tukikutana namwamkia "Shikamoo mzee," naye ananijibu "Marahaba mwanangu," mbele ya mahakimu wenzetu ambao wanadhani ni nywila ya chama cha siri.

Siku ya kupimwa nilivaa suti ya buluu na kilemba cha kutulia. Tulikuwa watatu: mimi katikati, mzee wa dawa kulia kwangu na fomu yake, na kushoto mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mama mpole ambaye hufuata chochote anachofanya aliyekaa katikati, maana ndivyo alivyofunzwa. Kabla hatujaingia nikasita mlangoni. Kukaa mimi katikati na mzee wangu akae pembeni kulikuwa kunaniwasha mwili.

"Ingia," akaniambia. "Leo mimi si mzee wako. Leo mimi ni kalamu."

Tukaingia. Mhudumu wa mahakama, mama mmoja wa Jamaika mwenye joho jeusi na sauti ya kuamsha mtaa, akanguruma, "Wote simameni!" Watu wakasimama, tukainamisha vichwa, tukakaa, nao wakakaa. Mkumbuke hilo. Mahakamani humo, hakimu wa katikati akisimama maana yake ni moja tu: kikao kimekwisha au kimepumzishwa, na kila mwenye miguu anasimama naye.

Saa mbili za kwanza nilizikata vizuri. Alikuja mama aliyepanda treni bila tiketi mara tatu kwa wiki moja, kila mara akiwa na msiba tofauti. Akaja bwana aliyeng'oa ua wa jirani yake kwa sababu ulikuwa unamtazama vibaya. Nikauliza maswali mafupi, nikasoma maneno ya hukumu polepole kama inavyotakiwa, na kwa pembe ya jicho nikaona kalamu ya mzee inatia alama za vema. Kichwa kikaanza kunivimba. Nikajiuliza kimoyomoyo ni kipi hasa nilichokikosa siku ile ya mandazi.

Halafu ikaitwa kesi ya mwendo kasi.

Akaingia mzee wa Kiingereza wa miaka themanini na mitatu. Alivaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa viwiko, tai, na viatu vilivyosuguliwa na mtu ambaye bado anaamini mambo ya viatu. Alikuwa na mkongojo. Hakuwa na wakili, ila karatasi moja aliyoikunja mara nne. Mhudumu akamwonyesha pa kusimama, naye akasimama pale mbele yangu, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine ukitafuta ukingo wa meza, ukitetemeka. Alikuwa anahema kwa ajili ya ngazi alizopanda.

Na mimi nimekaa.

Nataka nieleweke. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinifunza kunyanyuka kabla hajanifunza kusoma. Nyumbani kwetu mkubwa hakusimama wewe ukiwa umekaa. Ukijisahau, kofi la kisogo lilitangulia na maelezo yakafuata. Nimeishi Landani miaka ishirini na sita na mpaka leo kwenye treni nikiona mvi zinaingia, magoti yangu hayaniulizi. Basi sikuamua. Naapa sikuamua. Kiti kilikuwa chini yangu, kisha nikasikia hakipo.

"Wote simameni!" akanguruma mhudumu.

Mwendesha mashtaka akaruka na mafaili yakamporomoka. Mshauri wa sheria akasimama huku bado anachapa. Mwalimu mstaafu kushoto kwangu alikuwa ameshasimama na kuufunga mkoba wake. Mzee wa mkongojo, ambaye tayari alikuwa amesimama, akajinyoosha zaidi, maskini, kadiri mgongo ulivyomruhusu. Mtu wa mwisho kunyanyuka alikuwa mzee wangu wa dawa, taratibu sana, akinitazama kama mtu anayetazama maziwa yanachemka na yuko mbali na jiko.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kukaa na kusema, samahanini, nilikuwa namheshimu mzee. Au ningeweza kujifanya nilikusudia. Mwenye akili angechukua ya kwanza. Mimi nikainamisha kichwa kwa madaha, nikageuka, nikatoka kwa mlango wa nyuma, na wenzangu wakanifuata mpaka chumba cha faragha.

Tukaketi kuizunguka meza. Mwalimu akatoa daftari, akavaa miwani, akauliza kwa upole tunajadili nini.

"Hatujasikia chochote bado," akaongeza, kama mtu anayekumbusha tu.

Nikamimina maji kwenye glasi, nikayanywa yote. Mzee wa dawa alikuwa anaandika, na hakuwa anatia vema, maana vema haichukui mistari minne. Mlango ukagongwa. Mshauri wa sheria akachungulia, akauliza kama mheshimiwa yuko salama. Nikasema mheshimiwa yuko salama kabisa, alihitaji dakika moja tu.

"Kuna jambo dogo," akasema. "Mshtakiwa ameondoka."

Nyuma yake alisimama mhudumu, joho limemkaa upande. Alisema yule mzee alimshika mkono, akamshukuru, na kumwambia kwamba hajawahi kuona mahakama nzuri kama hii, isiyochelewesha watu. Alipotuona tumeinuka alidhani ndiyo kesi imefutwa. Akachukua kofia yake na kwenda zake.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria fomu. Mzee yule alikuwa na alama tisa kwenye leseni kwa makosa ya nyuma, na kosa hili lingemtia tatu zaidi. Zikifika kumi na mbili unanyang'anywa leseni kwa miezi sita, isipokuwa ukiwashawishi mahakimu kwamba utaumia kupita kiasi. Leo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema, na ile karatasi iliyokunjwa mara nne ndiyo maneno yake. Mshauri akatueleza kwamba sheria inaruhusu kuendelea bila yeye. Maana yake, mtu aliyefika kwa wakati, na tai, angenyang'anywa leseni bila kusikilizwa kwa sababu mimi nilisimama. Halafu kesho yake angeendesha gari bila kujua kwamba amekatazwa, akakamatwa kwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa.

"Mkimbilie," nikamwambia mhudumu. "Tafadhali, dada yangu, mkimbilie."

Mama yule ana magoti mabaya, analalamika juu yake kila wiki. Lakini tuliposogea dirishani, tukiwa ghorofa ya kwanza, tulimwona anatoka mlango wa chini na joho linapepea nyuma yake, anakatiza maegesho akipunga mikono yote miwili. Gari dogo la kijani lilikuwa linarudi nyuma polepole kutoka kwenye nafasi yake. Akaenda akasimama nyuma yake kabisa, mikono kiunoni. Gari likasimama likiwa limebakiza hatua mbili limguse. Mwalimu mstaafu akapiga makofi kidogo, kisha akakumbuka yuko wapi.

Tukarudi ndani. Wote simameni, wote kaeni. Mzee akaletwa tena, sasa anahema zaidi, na uso umeshuka, maana ameshaelezwa kwamba kesi bado haijasikilizwa. Akasimama palepale. Mkono ukatafuta meza. Nami nilikuwa nimeushika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili chini ya meza, nimejibana kama mtu aliyepanda pikipiki kwa mara ya kwanza. Magoti yalikuwa yanacheza. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba akiyumba tu kidogo nitanyanyuka tena na tutarudi wote chumbani kwenye maji na daftari.

Kikaratasi kikateleza mbele yangu kutoka kulia. Mwandiko wa duka la dawa, ninaousoma kwa sababu ya mazoea tu. Ulisema: *Mwambie akae. Slaidi ya tisa.*

Nikakisoma mara mbili. Nikamtazama mzee. Nikasema, "Bwana, ukipenda unaweza kukaa."

Basi, ndiyo hayo tu. Hakuna aliyeshtuka. Mshauri wa sheria hakunyanyua hata macho. Mhudumu akasogeza kiti, mzee akakaa, na magoti yangu yakatulia papo hapo kama watoto waliopewa maziwa. Mwenye kiti cha katikati anaweza kumruhusu mtu akae wakati wowote anaotaka, na wote waliowasha kamera zao siku ile walikuwa wanalijua hilo.

Mzee akaifungua karatasi, akaanza kusoma. Ilikuwa imeandikwa na mwanawe, ilionekana, maana ilikuwa na maneno ambayo yeye mwenyewe aliyakwepa. Ilisema mke wake anasafishwa figo hospitali mara tatu kwa wiki, ilisema hana njia nyingine, ilisema madhara makubwa yasiyo ya kawaida. Alisoma mistari mitano. Kisha pumzi zilipomrudia, akaiweka karatasi juu ya goti.

Nikamuuliza swali ambalo, kwa haki, nalo linatoka kwenye mafunzo, ya mwaka wa kwanza, nilipokuwa bado nasikiliza. "Hebu tueleze kwa maneno yako. Usipoendesha, itakuwaje?"

Akaikunja tena ile karatasi.

"Kuna gari la hospitali," akasema. "Wako tayari kuja kumchukua mlangoni. Wametuambia tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyekataa." Akazungusha mkongojo mkononi. "Mke wangu akipanda gari langu siku hizi anafumba macho mpaka tufike. Anadhani simwoni. Sasa, mheshimiwa, kupika sijui. Dawa zake anajipangia mwenyewe. Kumpeleka ndiyo kazi pekee iliyobaki ninayoweza kumfanyia."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpigia simu mama yangu, ambaye hana simu tena. Nikaandika kitu kwenye karatasi ambacho baadaye nilikuta ni mistari tu.

Tulitoka, safari hii kwa sababu halali. Tuliyozungumza chumbani siyasemi, yanabaki humo na ndiyo sheria. Naweza kusema tu kwamba hatukuchukua muda mrefu, na kwamba hakuna aliyefurahi. Tuliporudi mzee alitaka kusimama ili apokee hukumu, nikamwambia abaki amekaa. Nikasoma maneno yaliyoandikwa: kwamba tumesikiliza, kwamba gari la hospitali lipo, kwamba kwa hiyo leseni yake inazuiwa kwa miezi sita kuanzia dakika hii, na kwamba asiendeshe hata kutoka maegesho ya mahakama. Nikamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa vizuri," akasema. "Mke wangu atafurahi sana." Akaitoa leseni, akamkabidhi mhudumu kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni akageuka, akatuinamia. Nami nilibaki nimekaa. Katika mambo yote niliyofanya siku ile, hilo ndilo gumu kuliko yote.

Jioni ilipokaribia, wenzetu wakiwa wameshaondoka, mzee wa dawa akafungua fomu mbele yangu.

"Kiti cha katikati bado," akasema. "Kuna somo tena baada ya wiki tatu. Jumamosi. Kamera iwe wazi."

"Naam, mzee."

"Nilisoma majibu ya watu wote siku ile. Wewe uliandika hakuna."

"Nilikuwa nakaanga mandazi," nikasema, maana mbele yake sijawahi kuweza kudanganya.

"Nilisikia. Kamera ulizima, sauti hukuzima. Nilifundisha slaidi nzima ya tisa huku nasikia mafuta yakichemka, na binti yako akikugombeza." Akakunja fomu. Nilidhani atanipa vidonge vyangu pale pale, lakini akavua miwani na kuifuta. "Mimi miaka thelathini niliibiwa dukani. Dawa ya kikohozi, nyembe, maziwa ya watoto. Nilipoanza kukaa mahakamani, akiletwa mtu aliyeiba dukani masikio yangu yalikuwa yanajifunga yenyewe. Sikujua. Nilijiona mwenye haki sana. Waliniambia kwenye tathmini, nikakasirika, nikataka kuacha. Nimerudishwa darasani mara tatu kwa hilo moja. Na bado, akiletwa wa nyembe, lazima nijikumbushe." Akavaa miwani. "Wewe unawasimamia wazee, mimi nawafungia wezi masikio. Wewe walau lako linaonekana."

Nikamwambia asante. Nikamwambia pia kwamba nitaleta mandazi, na kwamba nitakuwa nimeyakaanga Ijumaa.

Nikavaa koti la mvua, nikafunga mtandio mwingine juu ya kilemba, nikaenda kituo cha basi. Tunafundishwa pia kwamba ukikutana nje na mtu uliyemhukumu usipige naye soga, upite zako. Nilipata kiti chini, karibu na mlango, cha mwisho kilichokuwa wazi. Kituo cha pili basi likasimama, na kabla sijaona uso niliona viatu, vile vilivyosuguliwa.

Alipanda polepole. Alikuwa na kadi yake ya wazee ya kupandia basi, mpya kabisa, haijawahi kutumika, na aliigeuza mara mbili mbele ya mashine mpaka dereva akamwonyesha pa kuigusisha. Kisha akageuka na kutazama ndani. Viti vyote vimejaa, watu na simu zao. Akashika bomba kwa mkono ule unaotetemeka.

Magoti yangu hayakuniuliza. Nikanyanyuka, nikamwonyesha kiti kwa mkono bila kusema neno, nikageuza uso dirishani.

Akanitazama. Akautazama mtandio, koti, tena uso. Midomo ikamcheza.

"Angalia, mheshimiwa," akaninong'oneza. "Ukisimama wewe, sote itabidi tushuke."

Akakaa. Sikumjibu, kwa kuwa imekatazwa, na pia kwa kuwa nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mtandio. Nikashika bomba alilokuwa amelishika yeye, nikasimama mpaka Hounslow.